Mwenye nyumba alazimishwe kuweka silingi chini ya mabati?

Mpangaji Mishomoroni: Kaunti ya Mombasa itoe amri, chumba cha mabati bila silingi kisipangishwe. Kaskazi hii feni yapuliza moto tu na tokeni za stima zaisha. Uingereza tangu 2018 nyumba isiyohifadhi joto haipangishwi, na wao shida yao ni baridi!

Mwenye Vyumba: Nikiweka silingi, kodi itapanda, msije mkalia tena. Na joto gani hilo? Sisi tumezaliwa chini ya mabati. Wanaolalamika ni wageni wa kuja.

Kisauni Damu: Mwasahau kitu. Huku nyumba nyingi ni bila ardhi. Kuta zangu, ardhi ya mtu sijawahi kumwona. Akija kesho na karatasi zake, hiyo silingi nitaikunja niende nayo wapi?

Mpangaji Mishomoroni: Mgeni nani? Babu yangu kazikwa Kikowani!

Mwenye Vyumba: Sikutaja mtu. Ukijishuku shauri yako.

Wa Kuze: Ati "tumezaliwa chini ya mabati". Sema wewe, yakhe. Kwetu Kuze, Mji wa Kale, ni kuta za matumbawe na boriti za mikoko. Dirishani mtu anakaa na kahawa yake, ukuta ulivyo mnene. Saa nane mchana hujui kama nje kuna jua.

Kisauni Damu: Na mvua ikinyesha hujui kama uko ndani.

Wa Kuze: Afadhali kuvujiwa na historia.

Fundi Paa: Turudi kwenye mada. Uingereza nyumba hupewa daraja A mpaka G kwa matumizi ya nishati, zilizokatazwa ni F na G, na gharama zikizidi kiwango mwenye nyumba anasamehewa. Hapa silingi pekee haitoshi, usipoacha matundu ya hewa juu yake joto linanaswa hadi usiku. Anzeni na rangi nyeupe juu ya bati. Mwaka 2018 kaunti ilitupakisha majumba ya mjini nyeupe na buluu, lakini kutani! Jua lapiga juu.

Mwenye Vyumba: Ile rangi nililipa mfukoni mwangu. Msinikumbushe.

Mpangaji Mishomoroni: Kumbe una nyumba mjini pia, na silingi yakuuma! Tukutane baraza la kodi za nyumba.

Wa Kuze: Sheria ya baraza hilo ni ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Wewe walipa ngapi?

Mpangaji Mishomoroni: Wacha tu. Fundi, hiyo rangi naweza kupaka mwenyewe?

Mwenye Vyumba: Panda juu ya bati langu uone kama dipoziti utairudishiwa.