Nimelipia kiti, penalti nimeitazama nikiwa chini: uzi maalumu kwa yule kijana wa viti

Ndugu wanajukwaa, ninaandika haya mchanga ukiwa bado ndani ya viatu vyangu. Sitamtaja mtu jina, kwa sababu kila aliyewahi kukanyaga uwanja wetu siku ya mechi ya ligi ya mkoa anamjua yule kijana wa viti.

Nilifika saa tisa na nusu, nikatoa shilingi 1,000 za kiingilio pale kwenye kamba (maana geti hakuna, kuna kamba ya katani kutoka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya umeme, na watoto wanapita chini yake bila hata kuinama), kisha nikaongeza shilingi 500 nipate kiti cha plastiki nyuma ya goli la upande wa shule. Sikuomba paa wala soda. Niliomba kiti, nikakilipia, nikakikalia kwa dakika 78 kama raia mwenye heshima zake.

Dakika ya 79 refa akaamuru penalti. Alama ya chokaa ilikwisha kufutwa na upepo, hivyo ikabidi azihesabu upya mita 11 kwa hatua zake, huku mashabiki wakihesabu naye kwa sauti, kila upande kwa idadi yake. Mpigaji akarudi nyuma. Uwanja ukanyamaza, hata muuza karanga akaacha kuchezesha sarafu. Ndipo nikasikia nyuma ya sikio langu sauti yenye adabu kabisa: "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba, kama nilivyolelewa. Marahaba yenyewe haijafika mwisho, kiti kikachomolewa, nami nikawa chali nikihesabu majani ya mwembe.

"Mgeni rasmi amefika. Simama tu mzee, miguu si unayo?"

Miguu si unayo! Nimelipa fedha halali, halafu naulizwa habari za miguu yangu.

Goli letu, kama mnavyojua, halina nyavu, ingawa hii si bonanza: bingwa wa mkoa anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Upande mmoja ukashangilia kwamba mpira umeingia, upande wa pili ukaapa kwamba umepita nje ya mlingoti, na umati mzima ukanigeukia mimi. "Mzee, wewe ndiye uliyekuwa karibu, umepita wapi?" Kofia ilikuwa usoni, mchanga mdomoni. Nikasema sikuuona. Refa akaonyesha kati, nami nikaitwa msaliti na pande zote mbili.

Na huyo mgeni rasmi hakukikalia! Alisimama, akapunga mkono, akaondoka kwa bodaboda, na kiti changu kikawekewa beseni la machungwa ya wachezaji. Angenitukana ningemwelewa. Lakini shikamoo kwanza, kiti baadaye?

Mshika Kibendera Mstaafu: Pole sana, mzee wangu, ila sisi wa upande wa pili tulidhani ni kamati ya ufundi ya wapinzani (wale watu wa ndumba) inafanya mambo yake, maana ulianguka chali huku umeinua mikono juu, na kipa wetu akakutazama wewe badala ya mpira. Lile goli umetufungisha wewe.

Mzee wa Kwa Mkapa: Mtu mzima unakwendaje mchangani kutafuta kiti? Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, na vyote vimefungwa kwa nati.

Jirani wa Goli: Afadhali wewe uliyeanguka uwanjani. Mimi naishi nyuma ya goli hilohilo, na kipindi cha kwanza mpira ulitua kwenye sufuria yangu ya maharage. Aliyeufuata hakuomba radhi, aliuliza kama kuna maji ya kunawa.

Mama Mdogo: Viti hivyo si vya uwanja, ni vya kikundi chetu cha akina mama, na tunavikodisha kwenye misiba na harusi. Viliazimwa bure kwa saa mbili, vikarudi usiku, vitatu havina mguu na kimoja kinanuka machungwa. Hizo 500 alikula nani?

Mwanzisha uzi: Mama, kinachonuka machungwa ndicho changu! Ndicho ninachokisema tangu mwanzo!

Jirani wa Goli: Na maharage yangu nayo yamekuwa ya nani?

Mshika Kibendera Mstaafu: Mpira ukigusa sufuria umekwisha kutoka nje, kwa hiyo ni goli kiki au kona, itategemea nani aliugusa mwisho.

Fundi Maturubai: Mama Mdogo, tuache mpira kidogo. Jumamosi tuna arobaini ya marehemu babu na ninahitaji viti 100, vyenye miguu yote. Utaratibu ukoje?

Mama Mdogo: Karibu sana, bei tutaelewana. Vitaletwa asubuhi na yule yule kijana.