Death: ilikuwa bendi au mtu mmoja? Na waliobaki wana haki gani?

Mwana wa Kariakoo
Wakuu, hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa. Chuck Schuldiner, mwimbaji na mpiga gitaa wa Death, bendi ya death metal ya Florida, alifariki tarehe 13 Desemba 2001 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 34. Tangu 2012 wenzake wa zamani wanazunguka kwa jina la Death to All: Gene Hoglan kwenye dramu, Steve DiGiorgio besi, Bobby Koelble gitaa, na kijana Max Phelps anaimba mahali pa marehemu. Tangu 2022 wapo na wengine, Left to Die, ambamo Rick Rozz na Terry Butler wanapiga albamu ya Leprosy.

Mimi nasema hawana haki, wote. Death haikuwa bendi. Hesabuni albamu zake saba, kuanzia Scream Bloody Gore ya 1987 hadi The Sound of Perseverance ya 1998. Hamtapata mbili zilizopigwa na watu wale wale. Aliyemo katika zote ni mmoja tu. Wengine walikuwa vibarua: wamekuja, wamepiga, wamelipwa, wameondoka. Na kibarua harithi nyumba aliyoijenga. Karibuni.

Msee wa Umoja
Manze, hapo kwa vibarua umeteleza. Chukua albamu yao ya Human. Sean Reinert alipiga dramu za hiyo albamu 1991 akiwa ndio anafika miaka ishirini. Yeye na Paul Masvidal wa gitaa walitoka bendi ya Cynic. Sikiza Leprosy ya 1988, halafu sikiza Human. Leprosy inakugonga kifuani mwanzo hadi mwisho. Human inakuzungusha, mdundo unakata kona kabla hujajua umefika. Hiyo kona si ya Chuck peke yake. Ndiyo, nyimbo aliandika yeye, lakini kuna wapiga dramu kibao Nairobi walioanza kukaa na kuhesabu mdundo kwa sababu ya Reinert, na mimi ni mmoja wao. Alipofariki Januari 2020 sikugusa vijiti wiki nzima.

Mtoto wa Katuba
Kwetu Kongo hii maneno tunaijua sana. Wenge Musica ilipasuka 1997, JB Mpiana akabaki na BCBG, Werrason akaenda na Maison Mère, na mpaka leo ukiuliza Wenge ya kweli ni ipi, kiti kinaruka. Ile ya Death ni rahisi zaidi, bandugu. Jina lilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na yule mtu alikufa. Jina walizike naye.

Besi Nne
Vibarua.

Nimelisoma hilo neno mara tatu nikalifunga simu, nikarudi tena. Mimi nilipiga besi miaka sita katika bendi ya hoteli moja huku pwani ya kaskazini ya Mombasa. Usiku mmoja, tumemaliza seti ya mwisho, sijafungua hata kamba ya gitaa begani, kiongozi akaniambia kesho usije, kuna mwengine. Bila barua wala sababu. Kuna wimbo wetu mmoja ambao mstari wa besi niliubuni mimi, nyumbani, usiku, mke wangu ananiambia nizime taa. Baadaye nikapita nje ya hoteli ile nikausikia ukipigwa na aliyenirithi, vidole vyake vinapita mule mule nilimopita. Wewe ndugu yangu waniambia nilikuwa kibarua.

Sasa tuje kwa hao unaowatukana. Mwaka 1990 Death walikuwa na ziara ya Ulaya pamoja na bendi ya Kreator. Chuck akajitoa dakika za mwisho kwa kuwa hakuridhika na matayarisho. Sawa, ni haki yake. Lakini Terry Butler wa besi na Bill Andrews wa dramu walikuwa na mikataba, na huko kuna watu washanunua tiketi. Wakaenda. Walipo­rudi, Chuck akawafukuza na kuwaletea mawakili. Mimi ningekwenda pia, wallahi. Watoto hawali msimamo wa kiongozi.

Mwana wa Kariakoo
Kaka, sikukutukana wewe, hata sikujui. Lakini hilo la 1990 usilipake sukari. Unajua nani aliimba kwenye ziara ile? Louie Carrisalez, kijana aliyekuwa akibeba na kupanga vyombo vyao. Gitaa akapewa Walter Trachsler. Mtu amelipa kiingilio chake Ujerumani kumwona Chuck Schuldiner, anapanda jukwaani mbeba vyombo na wanasema ndiyo Death hii. Huo ni usaliti.

Halafu Butler huyo huyo, baada ya zaidi ya miaka thelathini, anazunguka na Leprosy. Jalada la Leprosy lina jina lake kweli, ila besi mle ndani alipiga Chuck mwenyewe. Mtu anazunguka na albamu ambayo hakuipiga!

Besi Nne
Kwa hivyo kubeba vyombo ni aibu? Mimi nilivibeba miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuvigusa. Na Rozz je, hakupiga Leprosy? Rozz alikuwepo 1983 bendi ikiitwa Mantas, wao watatu huko Florida: Chuck, Rozz na Kam Lee. Na aliyekuwa akiimba huku anapiga dramu wakati huo ni Kam Lee. Nyumba ilijengwa na watatu, mmoja akabaki na ufunguo. Wewe umemkuta na ufunguo ukasema nyumba ni yake tangu msingi.

Mwana wa Kariakoo
Mantas ni demo, rekodi za majaribio tu. Baada ya hapo Chuck alihangaika peke yake. Alikwenda California, akaenda Toronto kupiga na bendi ya Slaughter wiki chache, akarudi, akaenda tena California akampata Chris Reifert wa dramu, na wawili hao ndio waliorekodi Scream Bloody Gore. Gitaa zote Chuck, besi Chuck, sauti Chuck. Rozz alikuwa wapi?

Dada Zai
Nasoma tangu asubuhi. Jamani, mbona hili tumeliona hapa kwetu? Chuck alikuwa kama mwimbaji Gurumo na bendi ya Msondo. Watu wanakuja, watu wanaondoka, mzee yupo, ngoma inalia.

Mzee wa Kigogo
Mwanangu Zai, hapo nakukatalia kabisa. Muziki wenu huo wa kunguruma siujui vizuri, mjukuu wangu ndiye ananionyesha maandishi haya. Lakini Muhidin Gurumo namjua. Gurumo hakukaa mahali wengine wakapita mbele yake, yeye ndiye aliyepita. Alikuwa NUTA Jazz, ndiyo Msondo hiyo, tangu 1964. Mwaka 1978 akaenda kuianzisha Mlimani Park, ndiyo Sikinde. Mwaka 1985 akachukuliwa na Orchestra Safari Sound, yeye na Bitchuka na Abel Balthazar, kwa sababu tajiri mwenye bendi aliweka pesa mezani. Kisha akarudi Msondo.

Na kote huko jina halikuwa lake. NUTA ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadilishwa jina, na bendi inabadilishwa: NUTA, JUWATA, OTTU. Vyombo vya chama, mshahara wa chama. Mlimani Park nayo ilikuwa ya kampuni ya usafiri na teksi, ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alihama na koo lake tu, kipaza sauti anakiacha ukumbini.

Dada Zai
Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, nimekosea mfano. Lakini maneno yako yananipa swali jingine. Mwaka 1985 Sikinde iliondokewa na Gurumo, Bitchuka na Balthazar kwa mpigo, na ikabaki Sikinde. Watu waliendelea kwenda. Basi kama jina linaweza kubaki bila sauti zilizolijenga, kwa nini la Death lisibaki kwa Hoglan na DiGiorgio, ambao walipiga Individual Thought Patterns ya 1993 kwa mikono yao?

Ukae Mwananyamala
Sikinde haikutikisika 1985. Tuliwaziba mapengo na tukaendelea kuwapiga Msondo palepale. Mzee Kigogo anasema "wakachukuliwa" kana kwamba Sikinde ilikufa. Mimi nilikuwepo DDC Kariakoo, nilikuwa na miaka kumi na tisa, mlango ulikuwa hauingiliki.

Mzee wa Kigogo
Marahaba Zai. Wewe Ukae, sikusema ilikufa. Nimesema sauti ziliondoka. Kijana wa miaka kumi na tisa anakwenda kucheza na kutazama wasichana, mimi nilikuwa nakaa karibu na safu ya matarumbeta nasikiliza. Tofauti niliisikia. Msondo ndiyo baba, kila mmoja wenu alitokea humo.

Ukae Mwananyamala
Baba aliyekimbiwa na wanawe 1978, kwa nini walimkimbia? Mpangaji wetu wa muziki, King Michael Enoch, alitoka Dar es Salaam Jazz, hakutokea kwenu. Usitubebeshe deni ambalo hatukukopa.

Mzee wa Kigogo
Enoch nakupa. Enoch alikuwa mwalimu wa watu wote. Lakini waimbaji?

Msee wa Umoja
Wazee, heshima zenu, lakini tulikuwa tunaongea juu ya Florida.

Ukae Mwananyamala
Bado tuko huko huko. Mwenye mada ameuliza jina la bendi ni la nani. Kwetu lilikuwa la mwenye vyombo, na wote waliojaribu kuondoka na jina walirudi mikono mitupu. Huyo Chuck wenu vyombo vilikuwa vya nani?

Mwana wa Kariakoo
Jina lilikuwa lake, mzee, na nyimbo ni zake. Yeye ndiye aliyekuwa anatafuta watu, anawafundisha sehemu zao, anawapeleka studio ya Morrisound kule Tampa. Kwa mfano wenu, Chuck alikuwa chama, alikuwa DDC na alikuwa Gurumo, wote ndani ya mtu mmoja. Ndiyo maana nasema hapakuwa na bendi.

Besi Nne
Umejijibu mwenyewe. Alikuwa mwajiri na msanii kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo hatari. Msondo mwanamuziki akigombana na kiongozi, ofisi ya chama ipo, atakwenda kulalamika. Kwa Chuck ungekwenda kwa nani? James Murphy alipiga solo za Spiritual Healing, 1990 hiyo hiyo, solo ambazo hadi leo watu wanajifunza nazo. Akaondolewa, akaenda bendi ya Obituary, na mwaka huo huo wakatoa Cause of Death, sikilizeni gitaa lake mle. Mtu kama huyo ni wa kupitishwa mlangoni kama mletaji wa maji?

Mtoto wa Katuba
Hapo kwa Murphy nakubaliana na wewe, kaka. Nimebadilika kidogo. Jina wazike, lakini solo zake apige mwenyewe mahali anataka.

Dada Zai
Swali langu la Sikinde halijajibiwa na mtu.

Msee wa Umoja
Nitakujibu mimi, dada. Hao Death to All hawasemi wao ni Death. Jina lenyewe linasema muziki ni wa kupelekewa watu. Chuck mwenyewe alikuwa ashaanza kuacha jina, aliunda bendi nyingine, Control Denied, akatoa albamu 1999 na akampa Tim Aymar kuimba, yeye akabaki na gitaa. Mtu aliyekubali mwingine aimbe nyimbo zake akiwa hai, kwa nini useme angekataa Phelps?

Mwana wa Kariakoo
Control Denied alimchagua yeye. Phelps hakumchagua. Hiyo ndiyo tofauti yote na sitoki hapo.

Mwaka ule anaugua, watu walichanga pesa za matibabu, bendi zilipiga maonyesho ya kumchangia. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, kaseti yangu ya Symbolic ilikuwa imenakiliwa mara ngapi sijui, dramu zinasikika kama mvua kwenye bati. Hakuna aliyenifundisha kuupenda muziki ule. Nyumbani walidhani naumwa. Kwangu mimi sauti ile ina mwili, na mwili ule umezikwa. Nikiona mtu mwingine amesimama pale kwenye kipaza sauti moyo unakataa, si kwa sheria, si kwa mkataba. Unakataa tu.

Besi Nne
Hili sasa nalielewa. Ungelianza na hili hatungefika kwa mawakili.

Mwana wa Kariakoo
Na neno kibarua nalifuta. Lilinitoka kwa hasira ya Left to Die, likakupata wewe. Kunradhi kaka. La 1990 silifuti.

Besi Nne
Nimekusamehe. La 1990 nami silifuti, ningepanda ndege ile.

Ila nikuulize kitu kimoja kama mpenzi wa Human. Wewe una toleo gani? Lile la 1991 DiGiorgio hasikiki. Nililipiga miaka na miaka, nikiinamisha sikio kwenye spika, najua besi ipo kwa sababu natazama jalada. Nikadhani ni kaseti yangu mbovu.

Mwana wa Kariakoo
Lile la 1991. Sijawahi kuona tatizo, nilikuwa nasikiliza gitaa.

Besi Nne
Tafuta lililochanganywa upya, la 2011. Weka wimbo wa kwanza, acha dramu za mwanzo zipite. Halafu sikiliza chini, usisikilize gitaa.

Ukae Mwananyamala
Mzee Kigogo bado hajajibu kwa nini walikimbia 1978.

Mzee wa Kigogo
Mjukuu amekwenda shule na simu ni yake. Nitajibu jioni.

Mwana wa Kariakoo
Nimeliweka. Ngoja.

Besi Nne, hiyo ni besi? Hiyo inayopanda huku gitaa linashuka? Hiyo ilikuwepo siku zote?

Besi Nne
Ilikuwepo.