Umetafuta jina la mkebe ukakosa, ukaandika dawa haina madhara? Huu ni uzembe unaoua!

Wadau, nimekasirika na sitajizuia.

Ghala la mahindi ninalofanyia kazi hapa Nakuru lilimwita mshauri wa usalama atuandikie ripoti kuhusu vidonge vya kufukizia magunia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Mimi nimo kwenye kamati yetu, ndiyo maana ripoti ilinifikia. Imeandikwa kwamba ametafuta mtandaoni na hakupata utafiti wowote unaoonyesha kuwa bidhaa hii inawadhuru vijana wanaobeba magunia. Basi, akalipwa akaenda zake. Sasa meneja anashika sentensi hiyo kila tukiomba kifaa cha kupimia gesi.

Nikampigia simu, nikamuuliza alitafuta nini hasa. Alitafuta jina la biashara! Jina ambalo kiwanda kimejitungia, na kesho mwagizaji mwingine ataleta dawa ileile kwa jina lingine kabisa. Watafiti hawaandiki makala kwa majina hayo. Wanaandika jina la kemikali, na kila kemikali ina nambari yake ya CAS, yaani nambari ya utambulisho ya kimataifa, ambayo haibadiliki hata mkebe ukibadilishwa rangi.

Nambari hiyo haikufichwa. Karatasi ya usalama ya bidhaa ina sehemu 16, na sehemu ya 3 ndiyo yenye viambato na nambari zake. Vidonge vyetu ni aluminiamu fosfaidi, 20859-73-8. Ingiza nambari hiyo PubChem, hifadhidata ya kemikali ambayo ni bure, na majina yote yanajipanga mbele yako. Utaona hata tofauti ya tahajia: Waingereza huandika "aluminium", Wamarekani "aluminum". Chukua yote mawili, uyaunganishe kwa OR (yaani "au"), ndipo uende PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na afya, kutafuta makala.

Lakini kilichonichoma zaidi ni hiki. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa hutoa fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Kidonge cha gramu 3 hutoa kama gramu 1 ya gesi. Fosfini ina nambari yake, 7803-51-2, na hakuigusa! Mwongozo wa mfukoni wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, nao bure, unaweka kikomo cha kazini cha sehemu 0.3 kwa milioni, na sehemu 50 kwa milioni ni hatari ya papo hapo kwa maisha. Fosfini safi haina harufu. Ile harufu ya kitunguu saumu au samaki ambayo vijana wetu wanaitegemea kama onyo hutoka kwenye uchafu uliochanganyika na gesi, kwa hiyo pua haiwezi kuchukua nafasi ya kifaa. Hayo yote yako wazi kwa yeyote aliyetafuta gesi badala ya mkebe.

Aliponijibu kwamba baadaye alijaribu jina la kemikali na kupata "makala za watu waliokunywa sumu tu", nilishindwa kunyamaza. Ni kweli makala nyingi za aluminiamu fosfaidi zinahusu watu walioimeza, hasa kutoka India na Iran. Hiyo ndiyo sababu ya kuongeza maneno kama "fumigation" (kufukiza), "occupational" (ya kazini) na "inhalation" (kuvuta hewa), kila moja likiunganishwa na OR ndani ya mabano, kisha kundi zima lifungwe kwa AND (yaani "na") na majina ya kemikali. Yeye aliweka NOT "ingestion", yaani ondoa zenye neno "kumeza". Kwa hiyo kila makala yenye neno hilo hata mara moja kwenye kichwa au muhtasari ilitupwa nje, hata kama ilizungumzia pia wafanyakazi waliovuta gesi! Tena alama za kunukuu alizoweka huizuia PubMed isikutafutie visawe yenyewe. Alijifungia mlango mwenyewe, kisha akatuandikia kwamba nyumba haina mtu.

Na msinielekeze kwenye zile noti za mafunzo ya cheti. Nilizipitia. Bado zinawatuma watu TOXNET, mkusanyiko wa hifadhidata za sumu uliofungwa Desemba 2019! Yaliyokuwa kwenye HSDB, sehemu yake ya kemikali hatari, yako PubChem, na ya TOXLINE, sehemu yake ya makala, yako PubMed. Mtu analipia mafunzo, anapewa anwani iliyokufa, akikosa anadhani hakuna kitu.

Kwa wale wasioweza kulipia makala, PubMed ina kichujio cha makala kamili za bure. Muhtasari peke yake mara nyingi hausemi gesi ilipimwa wapi wala kwa muda gani.

Tunachodai kama kamati: ripoti irudishwe iandikwe upya. Iwe na nambari mbili za CAS, hifadhidata zilizotumika, maneno yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia jinsi yalivyo, na tarehe ya kutafuta, ili mtu yeyote aweze kurudia. Mpaka hapo, hakuna kijana atakayetumwa kufunua turubai la magunia yaliyofukizwa kabla hewa haijapimwa. Walio kwenye maghala ya Kitale, Bungoma na Kisumu, fungueni ripoti zenu mwangalie alichotafuta aliyeziandika. Mkikuta jina la mkebe tu, wekeni hapa, tuzipeleke kwa wakaguzi zote kwa pamoja.