Bolti na stadi za ekseli: mnafunga zipi? Tupeane uzoefu (Arusha/Moshi)

Mwenye_Cruiser: Wakuu, habari za jioni. Nabadilisha hafu shafti (chuma kinachozungusha tairi) ya nyuma ya Land Cruiser, na fundi anataka stadi (bolti zisizo na kichwa) za kwenye habu, pale tairi linapofungwa, zibadilishwe pia. Duka la spea wana za Toyota. Duka la vifaa vya ujenzi wana "zinazofanana" kwa bei ya soda. Waliowahi kufunga hizo, ilikuwaje?

Dereva wa Karatu: Mkuu, usijaribu. Ukipita geti la Loduare, la kuingia Ngorongoro, lami imekwisha, ni vumbi na mtikisiko mwanzo mwisho. Nilipewa gari la ofisi lililofungwa stadi za mtaani. Karibu na Naabi, geti la Serengeti, nikaanza kusikia tak-tak nyuma kila nikiachia mafuta. Kushuka, oili imechuruzika mpaka kwenye rimu, stadi mbili zimekatika, zilizobaki nati zake unazungusha kwa vidole. Wageni wakadhani tumesimama kuangalia simba. Na kilichozikata ni kulegea: stadi kazi yake kubana flanji (sahani ya mwisho wa shafti) kwenye habu isicheze, ikishaanza kucheza inazikata kwa ubavu. Kagueni na zile washa za koni zinazokaa chini ya nati. Zikiwa zimeliwa, nati inakaza kumbe haijabana kitu.

Fundi Unga Ltd: Someni namba ya daraja kwenye kichwa cha bolti. 8.8 maana yake inahimili kuvutwa kwa megapaskali 800 (kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kukatika, na kwenye asilimia 80 ya hapo imeshavutika hairudi. 10.9 ni 1000 na asilimia 90. Stenlesi inayong'aa yenye A2-70 ni 700 tu, iacheni kwenye mageti. Halafu uzi: M10 (unene milimita 10) za magari ya Kijapani nyingi nafasi ya uzi hadi uzi ni milimita 1.25, za duka la ujenzi ni 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inagoma, kijana anachomeka bomba kwenye spana, uzi wa habu kwisha. Nenda na nati ya zamani, ijaribu kwa vidole palepale kaunta.

Kijana_Ngarenaro: Basi si tufunge 12.9 zote tumalize kazi?

Fundi Unga Ltd: Hapana mdogo wangu. Ngumu sana haipendi kupindwa. Fuata daraja la kiwandani.

Mama Defender, Moshi: Kwa wenye Land Rover, bolti za propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ni inchi 3/8 UNF, uzi mwembamba wa inchi, yaani milimita 9.5 na kidogo. Fundi mmoja hapa mjini alikosa akaleta M10, haikupita, akapanua matundu ya flanji kwa drili! Gari ikawa inatetemeka kuanzia spidi 60. Nimenunua flanji mpya kwa ajili ya bolti nane.

Mwenye_Cruiser: Pole sana dada. Na gundi ya uzi mnaweka?

Dereva wa Karatu: Kwenye stadi, upande unaoingia kwenye habu, weka. Ila osha oili yote kwanza ukaushe, penye mafuta haishiki. Ukirudi safari ya kwanza kaza tena nati.