MREJESHO: Mwenzangu anayevuta vepu ofisini

Wakuu, salamu kutoka Mwanza. Mwezi uliopita niliomba ushauri: jamaa wa meza ya pili anavuta vepu, yaani sigara ya kielektroniki, humu humu ofisini, akiambiwa anasema ni mvuke wa maji tu. Wengi mlisema niongee naye kwanza kabla ya kumfikia bosi. Nimefanya hivyo.

Saa ya chai tulishuka hadi ufukweni. Nikamweleza kuwa ule si mvuke wa maji, ni chembechembe za glisarini na ladha, na mara nyingi nikotini. Akaguna tu. Kilichomgusa ni dada wa mapokezi, ana pumu. Jioni tunafunga madirisha kwa sababu ya wadudu wa ziwani, na ile harufu ya embe ikijaa chumba, dada anafungua mkoba taratibu, anatoa pampu yake, anageukia ukutani. "Mbona hajawahi kuniambia?" Jamaa alikaa kimya muda mrefu akiangalia maji.

Naye alinieleza jambo: vepu ndiyo iliyomwachisha sigara. Namwamini, na hata Uingereza huduma ya afya huwashauri wavutaji wahamie huko. Ila mapafu ya wenzake hayakuomba kuacha chochote.

Bosi tulimfuata wote wawili. Sheria yetu ya tumbaku ni ya 2003, wakati huo vepu ndiyo kwanza zilikuwa zinabuniwa China, kwa hiyo tuliomba kanuni ya ofisi izitaje kwa jina. Imebandikwa Jumatatu. Jamaa sasa anatoka nje, nyuma ya jenereta. Asanteni sana, ndugu zangu.