Kinga ya bega au kinga ya juu: niende kwa kocha yupi?

Konde la Pili
Wakuu, habari zenu. Nina pambano langu la kwanza la ngumi za kulipwa, raundi 4, zimebaki wiki 9. Makocha wawili wamekubali kuninoa na lazima niwape jibu kabla ya Jumamosi. Mmoja anafundisha kinga ya bega kama ya Floyd Mayweather: mkono wa mbele chini tumboni, kidevu nyuma ya bega, konde likiteleza unajibu. Mwingine ni wa kinga ya juu, glovu zote mbili usoni. Mimi napenda kupiga kaunta, yaani kujibu mpinzani akishambulia, kuliko kuvamia. Mnashaurije?

Mzee wa Kona
Mkuu, hapo tukushauri nini? Uzani gani? Unatanguliza mguu upi? Mikono yako mirefu au mifupi? Mpinzani anakuja mbele au anasubiri? Leta hayo kwanza.

Dada Masumbwi
Hata bila hayo, kinga ya juu. Mtazame Winky Wright, mtu wa kinga ya juu, dhidi ya Félix Trinidad mwaka 2005. Trinidad alikuwa anaogopwa kwa nguvu za makonde yake, lakini usiku ule aliishia kugonga glovu na viwiko, kisha anakutana na jebu, lile konde la haraka la mkono wa mbele. Kitu kama hicho mtu anafundishika. Kinga ya bega inataka macho ambayo wengi hatukujaliwa.

Teleza Tu
Dada, kinga ya juu inakuziba hata wewe usione, na mbavu zinabaki wazi. Halafu mazoezini mnavaa glovu za aunsi 16, uso wote unafunikwa. Siku ya pambano, uzani wa welta kushuka chini, ni aunsi 8. Konde ulilokuwa unalizuia kila siku linapenya katikati. James Toney, wa kinga ya bega, alikuwa anasimama palepale mbele ya mtu, hakimbii, na makonde yanaishia begani.

Taulo Jeupe
Ngoja nisimulie yaliyonikuta. Nilijifunza kinga ya bega miezi mitatu, kila jioni mbele ya kioo. Kwenye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, na wenzangu wa gym ilinikubali kabisa: jebu nalidaka kwa kiganja cha kulia, konde la kulia linapita juu ya bega, namrudishia. Siku moja akaletwa mgeni, mashoto, anayetanguliza mguu na mkono wa kulia. Jebu lake la kwanza nikalidaka vizuri. Kisha ukaja mkono wake wa kushoto, umenyooka, upande ambao bega langu halipo. Tena nilikuwa nimeshazunguka kulia kama nilivyozoea, kwa hiyo uso niliupeleka mwenyewe. Likaja la pili, la tatu. Mdomo ukachanika kwa ndani, kwenye kinga ya meno, na damu nikawa naimeza. Kocha wangu, simtaji, akawa anapiga kelele tu, "Zungusha bega!" Nami nikaendelea kuzungusha. Wiki mbili nilitafunia upande mmoja. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba kazi kubwa ya kinga ile inafanywa na miguu na mkono wa nyuma.

Konde la Pili
Samahani nimechelewa, nilikuwa kazini. Uzani ni laiti, chini ya welta, natanguliza mguu wa kushoto. Mpinzani nimeambiwa ni mashoto.

Mzee wa Kona
Sasa hilo si ndilo ungeanza nalo! Mayweather mwenyewe, mwaka 2006, alisumbuliwa na Zab Judah raundi za mwanzo, mashoto mwenye kasi. Hakung'ang'ania bega. Aliinua mikono, akasonga mbele. Na kaunta ya kumpiga mashoto ni mkono wa kulia ulionyooka. Desemba 2012, mwisho wa raundi ya 6, Manny Pacquiao, mashoto, aliingia na Juan Manuel Márquez akamlaza kwa huo huo. Lakini Márquez alishakaa naye raundi 36 kwenye mapambano matatu ya nyuma, alijua anavyoingia. Waulize makocha wote wawili kama wana mashoto wa kukupa sparingi.

Dada Masumbwi
Na Adrien Broner je? Bega lile lile, na Marcos Maidana, ambaye wala si mashoto, alimwangusha mara mbili mwaka 2013.

Teleza Tu
Broner aliiga bega, hakuiga miguu. Pernell Whitaker mikono ilikuwa chini na hawakumpata.

Dada Masumbwi
Whitaker huyo huyo alimpiga Julio César Chávez mwaka 1993 wakampa sare! Majaji wawili waliandika 115-115, mmoja tu ndiye aliyempa Whitaker ushindi, 115-113. Kwenye raundi 4 ukisubiri kaunta, raundi mbili zimeshakwenda.

Teleza Tu
Kulinda ni moja ya mambo manne ambayo jaji anatakiwa kuyapima. Pale hawakupima.

Taulo Jeupe
Chávez alisonga mbele pambano zima. Nako si kazi?

Teleza Tu
Kusonga bila kugonga? Litazame tena, zima sauti ya watangazaji, uhesabu makonde yaliyofika. Mimi nimelihesabu.

Konde la Pili
Wakuu, mmoja amejibu kwamba anaye mashoto, ila ni mzito. Welta. Inafaa?