Kompyuta niliyounganisha mwenyewe inakata ghafla kwenye gemu, nianzie wapi?

KeboNdefu:
Wakuu habari zenu. Nina kompyuta nimeiunganisha mwenyewe, kila kitu kipya isipokuwa pawa saplai ya wati 550 niliyoitoa kwenye mashine ya zamani. Nikifanya kazi zangu au nikiangalia video iko poa siku nzima, ila nikifungua gemu zito inaenda muda fulani halafu pap, skrini nyeusi, inajiwasha upya yenyewe. Skrini ya bluu hakuna, ujumbe hakuna. Kwenye Event Viewer, ile kumbukumbu ya matukio ya Windows, nakuta kosa la Kernel-Power 41 tu basi. Joto la prosesa halizidi nyuzi 72, kadi ya grafiki 75, Windows nimeshaiweka upya na draiva mpya lakini wapi. Nilitaka kuirudisha kadi dukani ila sitaki kuisingizia. Mnanishaurije?

fundi_bisibisi:
Pole mkuu. Hiyo 41 isikuumize kichwa, haisemi chanzo ni nini, inasema tu mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, hata ukichomoa waya ukutani itaandika hiyo hiyo. Humo humo tafuta WHEA-Logger, rekodi ya makosa ya vifaa, karibu na muda ilipokata, ukiikuta basi kuna kifaa kimelalamika, mara nyingi prosesa au njia ya PCIe inayounganisha kadi na mashine. Halafu kwenye mipangilio ya mfumo ondoa tiki ya kujiwasha upya ikifeli, maana skrini ya bluu wakati mwingine ipo ila inapita huioni.

XMP, ule mpangilio wa kuongeza spidi ya RAM (memori), umewasha? Ile spidi iliyoandikwa kwenye boksi la RAM ni ya kuisukuma kupita kiwango cha kawaida, RAM ya aina ya DDR4 kawaida yake ni volti 1.2 na ukiwasha XMP mara nyingi inapanda 1.35, sasa si kila prosesa inaibeba. Izime kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, ucheze gemu lile lile. Usiku iachie MemTest86, programu ya kupima RAM, na ikitoa kosa hata moja RAM au mpangilio wake una shida, usijipe moyo eti ni moja tu.

Nuru_ya_Feni:
Fundi yuko sahihi kuhusu RAM lakini kwa dalili hizi mimi ningeanza na umeme. RAM mbovu haichagui, itakusumbua hata kwenye brauza, mafaili yanaharibika, skrini za bluu zenye majina tofauti kila mara. Yako inakata kama mtu kazima swichi na ni kwenye mzigo tu. Kadi za siku hizi hazivuti umeme kwa utulivu, zinaruka juu kwa milisekunde chache kupita kabisa wastani unaouona kwenye programu ya kupimia, na pawa saplai iliyochoka inashindwa hapo hapo, volti inashuka, inaondoa ile ishara kwa madabodi (ubao mkuu) kwamba umeme uko sawa, basi inarestati. Ingekuwa ulinzi wake umekata, mara nyingi ingezima moja kwa moja mpaka uguse swichi ya nyuma.

Kujaribu ni bure, ishushe kadi kikomo cha umeme hadi 70% kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki, ucheze. Na angalia kama umetumia kebo moja yenye vichwa viwili, kila kichwa cha pini 8 kimepangiwa wati 150 kwahiyo mzigo wa vichwa vyote viwili unapita kebo moja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati tafadhali, ukibadilisha vitatu ikapona hutajua kipi kimeponya.

KeboNdefu:
Asanteni sana. XMP nimezima bado ikakata, MemTest86 safi, WHEA hakuna. Kwa 70% nimecheza jioni nzima bila shida!! Na kweli kadi iko kwenye kebo moja ya vichwa viwili. Nina kebo nyingine ya pini 8 ya pawa saplai tofauti, inaingia vizuri tu, niitumie?

fundi_bisibisi:
USICHOMEKE ndugu yangu. Upande wa kadi pini zinafanana, ila upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga zake, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Kuingia si hoja, volti 12 zikienda pasipo pake zinaua SSD (diski), madabodi, kadi, chochote. Azima pawa saplai nzima pamoja na kebo zake zote. Na hiyo ya zamani usiifungue kuchungulia, ndani kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, zinabaki na chaji hata ukishaichomoa.

KeboNdefu:
Nimeazima ya wati 750 na kebo zake zenyewe, mbili tofauti kwenye kadi, kikomo nimerudisha 100%. Gemu lile lile halijakata hata mara moja. Kadi haina kosa, nanunua pawa saplai.

Nuru_ya_Feni:
Safi sana. Mpya ikifika iache ifanye kazi siku kadhaa XMP ikiwa imezimwa, ndipo uiwashe peke yake.